Tumbo la Maji

SIMULIZI YA JUMAMOSI: SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Kwa miaka mingi Kukhu, bibi yangu, hakuwahi kusema lolote kuhusu usiku ule wa mwaka 1976 aliovuka mpaka kutoka Uganda kuingia Kenya. Wiki iliyopita, nyumbani kwake Burumba, tulifungua sanduku la bati la marehemu babu, aliyekuwa dereva wa treni wa Reli za Afrika Mashariki. Tulikuta taa ya mkono, fundo la pamba ya kupangusia mafuta, na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli: "Wawili kulia. Mmoja kushoto." Kukhu alikisoma mara tatu. Kisha akaniuliza, sauti ikitetemeka: "Mjukuu wangu, huyo wa kushoto alikuwa nani?"

SASA ENDELEA…

Sikuwa na jibu. Hata swali lenyewe sikulielewa.

"Kushoto kwa nini, Kukhu?"

"Kwa injini."

Alinyanyuka, akaingia jikoni, akarudi na mkate mzima na miche miwili ya sabuni. Aliuweka mkate katikati ya meza, akaubana kwa ile sabuni, mche mmoja huku na mwingine kule.

"Huu mkate ni boila," alisema. "Sabuni ni matangi ya maji. Injini nyingi za safari ndefu zilikokota maji yao kwenye gari la nyuma. Hii ya babu yako ilibeba maji yake mbavuni, kama mama aliyebeba mimba. Sisi wake wa reli tuliiita Tumbo la Maji."

Mimi hufundisha historia katika shule moja hapa Busia. Nilikuwa nimesoma kuhusu injini hizi bila kujua kwamba zinahusu damu yangu. Nimesoma kwamba mwaka 1864 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda injini za matangi kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi ya London, zikawa zinavuta watu wa kazini asubuhi na kuwarudisha makwao jioni. Kiwanda hichohicho ndicho kilichokuja kutuundia zile Garratt za daraja la 59, majitu ya tani 252 yaliyopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi. Injini ya matangi ilifaa safari fupi kwa sababu moja kubwa: ikifika mwisho wa njia haihitaji kugeuzwa. Dereva anageuza wenzo tu, basi inarudi ilikotoka kinyumenyume, kwa mwendo uleule.

"Ya babu ilikuwa daraja gani?" niliuliza.

"La 13. Zilikuja 18 tu, kutoka Glasgow, mwaka 1952 na 1953. Magurudumu madogo manne mbele, makubwa manane katikati, madogo manne nyuma." Aliona nilivyoshangaa, akatabasamu kidogo. "Mke wa mvuvi hujua mtumbwi, mwanangu. Babu yako alikuwa akisema injini hii haina mgongo, kwa maana popote inapoelekea ndiko uso wake uliko. Akasema ni kama sisi watu wa mpakani."

Kisha tabasamu likapotea. Alikaa, akaivuta kanga mabegani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akiusimulia usiku ule.

*

"Tulikuwa tunakaa Tororo, kwenye nyumba za reli. Tororo ilikuwa njiapanda: njia moja inakwenda Jinja na Kampala, nyingine inapanda Soroti hadi Pakwach. Mabehewa yalipangwa usiku na mchana, na kazi ya kuyapanga ilikuwa ya babu yako. Reli ilikuwa moja. Leo unalala Eldoret, kesho unahamishiwa Soroti, hakuna aliyekuuliza wewe ni wa wapi.

"Halafu ukaja Julai 1976. Tarehe 4 Waisraeli walivamia Entebbe kuokoa mateka wao, na ndege zao zikapitia Nairobi. Idi Amin akawaka. Kufumba na kufumbua, Mkenya aliyeko Uganda akawa adui. Watu walikimbia kwa maelfu. Wengine walichukuliwa majumbani wasirudi. Upande wa Kenya nao wakasema hakuna mafuta kupita mpakani yasipolipiwa kwa pesa za Kenya. Magari yakalala barabarani. Injini za dizeli zikakauka.

"Lakini Tumbo la Maji lilikuwa linachoma mafuta mazito, yale meusi kama lami, na yalikuwa yamebaki kidogo kwenye tangi la bohari. Kwa hiyo babu yako hakuguswa. Walimhitaji. Alifanya kazi akiwa na askari mgongoni, na akaambiwa: wewe utaendesha, mkeo atabaki nyumbani. Unaelewa maana yake? Mimi nilikuwa rehani."

Alishusha pumzi.

"Nilikuwa na mimba ya mama yako, mwezi wa nane."

Nje, lori lilipita barabara kuu likielekea forodhani, vyombo vikatikisika kabatini. Kukhu alingoja hadi mlio ukaisha.

"Siku moja akaja na habari. Kuna mabehewa mawili ya abiria, ya daraja la tatu, yapo Tororo na yanatakiwa Malaba upande wa Kenya. Injini itayapeleka matupu usiku, iyaache, irudi hapohapo. Askari watayakagua mabehewa hadi chini ya viti. Watapekua chumba cha dereva na sanduku la zana. Akaniangalia tumboni, akasema: mahali pekee ambapo hawatatazama ni ndani ya maji."

*

Kukhu alisimulia jinsi alivyopanda ngazi ya pembeni gizani, miguu peku ili chuma kisilie. Kifuniko cha tangi la kulia kilikuwa kimefunguliwa. Alijitosa polepole, babu akimshika makwapa, hadi miguu ikakanyaga chini. Maji yalimfika kiunoni.

"Yalikuwa vuguvugu, kwa sababu ya boila," alisema. "Ndani kuna bati zilizosimama, zina matundu, ni za kuzuia maji yasiyumbe injini ikikata kona. Nilijibana kati ya bati mbili nikashika tundu. Babu yako akaninong'oneza mambo mawili. La kwanza: usiguse upande wa boila. La pili: maji haya yatapungua tukienda, kwa hiyo ukiyaona yanashuka usiogope, ndiyo yanayotuendesha."

"Kwa nini hakuyamwaga yote ukakaa pakavu?"

Alinitazama kama anavyonitazama nikisahau kuzima jiko.

"Injini ingekufa njiani, nasi tungekufa nayo. Maji ya boila yakishuka mno, paa la sanduku la moto linabaki wazi. Kuna skrubu pale yenye risasi katikati. Risasi inayeyuka, mvuke unashuka kuuzima moto. Hiyo ni rehema. Rehema ikikosekana, boila linapasuka. Dereva anakodolea macho kile kioo cha kupimia maji kuliko anavyotazama njia. Maji kidogo, tunalipuka. Maji mengi, mimi nazama. Babu yako alipima uhai wangu kwa kioo cha urefu wa mkono."

Kifuniko kikafungwa, kikaachwa na mwanya wa kidole mmoja. Injini ikasogea. Alisikia mabehewa yakifungwa nyuma, bafa zikigongana, gadi akipuliza filimbi. Halafu, kabla hata hawajatoka stesheni, breki zikashika.

"Nilisikia buti zikipanda. Sauti ya mkubwa wao ikauliza: tangi lina maji kiasi gani? Babu yako akajibu, nusu, afande, yanatosha kwenda na kurudi. Yule mtu akasema…" Kukhu alifumba macho. "Akasema: 'Hutaomba hata tone la maji Kenya. Jaza mpaka yamwagike.'"

Mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo wa meza bila mimi kujua.

"Bomba la kujazia lilikuwa upande wa kushoto. Nikasikia mkono wa bomba ukizungushwa, chuma kikilia. Nikasikia kifuniko cha kushoto kikifunguliwa. Nikasema moyoni: afadhali, ni upande ule." Akauinua mche mmoja wa sabuni, kisha wa pili. "Sikujua jambo moja. Matangi haya mawili yanaonekana yametengana, lakini chini yameunganishwa na bomba. Ukijaza la kushoto, la kulia linapanda. La kulia likipungua, la kushoto linateremka kulisaidia. Maji hayajui upande."

Yalimfika kifuani. Yakamfika mabegani. Alisimama kwa ncha za vidole, mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine umeshika tundu la bati. Mtoto alikuwa akicheza ndani kana kwamba na yeye anatafuta pa kutokea. Yakamfika kidevuni.

"Na hapo, mjukuu wangu, nikasikia mtu akigonga."

"Akigonga wapi?"

"Kwenye chuma. Mlio ulikuja kupitia lile bomba la chini." Alikunja kidole akagonga meza: vishindo viwili vya haraka, kimya, kimoja cha taratibu. Ko-ko… ko. "Nikajua ni mume wangu, ananiambia nisikate tamaa. Nikavua pete nikagonga vilevile. Ko-ko… ko. Akajibu. Nikajibu. Maji yakanifika mdomoni, nikainua uso hadi pua ikagusa bati la juu. Tukaendelea kugonga. Halafu maji yakasimama."

"Walifunga bomba?"

"Hapana. Bomba lilikuwa bado linamimina, nalisikia. Lakini hayakupanda tena. Baadaye babu yako alinieleza alichofanya. Kuna kifaa chini ya chumba cha dereva, injekta, kinachotumia nguvu za mvuke kusukuma maji ya tangi kuingia kwenye boila. Ukifungua maji bila kufungua mvuke, maji hayapandi kokote, yanamwagika chini relini. Alizifungua injekta zote mbili. Ili wasione, akafungua na vali za silinda, mvuke ukatanda pande zote kama ukungu wa Mlima Elgon. Askari wakarudi nyuma wakikohoa. Juu wanamimina, chini anamwaga. Mwisho yule mkubwa akachoka kungoja, akasema ondoka."

Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta.

"Miaka yote hii nimeamini aliyegonga ni babu yako. Lakini hebu fikiri. Mikono yake miwili ilikuwa kwenye vali. Angegonga na nini?"

Karatasi ilikuwa mezani kati ya mkate na sabuni. Wawili kulia: yeye na mama yangu tumboni. Mmoja kushoto.

Mtu alikuwa chini ya mdomo wa bomba lile. Maji yalikuwa yakimwangukia yeye kichwani. Na katika hali hiyo, alichofanya ni kumgongea mwanamke wa upande wa pili ili asiogope.

*

Hatukulala. Kulipopambazuka tulikuwa tayari stejini, na matatu ya kwanza ya kwenda Malaba ikatuchukua. Tulipita Alupe, tukapita Adungosi, umande ungali kwenye mihogo. Kukhu alikaa dirishani, kipochi mapajani, karatasi ndani ya kipochi. Tulipokaribia Malaba tukaikuta foleni ya malori, moja nyuma ya jingine, madereva wakipiga mswaki kando ya magurudumu.

"Kuna mtu mmoja," Kukhu alisema. "Alikuwa wa pointi, mtu wa kupanga njia za treni, hapa upande wa Kenya. Ndiye aliyelifungua tangi langu. Sijamwona tangu siku ile."

"Mbona hukumtafuta?"

"Kuna watu ukiwaona unarudi ndani ya maji."

Stesheni ilikuwa kimya. Injini ya dizeli ilisimama na safu ya mabehewa ya makontena, ikinguruma kivivu. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na kwa miaka mingi mtu wa hapa aliweza kupanda treni akaenda kumzika shangazi Jinja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, reli ikagawanywa kama shamba la marehemu, kila nchi na kipande chake. Siku hizi Malaba pana mizigo tele inayopita relini, ila abiria hakuna. Nilimtazama Kukhu akikanyaga mataruma polepole, nikawaza jinsi chuma kilekile kilivyobaki mahali palepale huku watu wake wakiondolewa.

Tuliulizia kwa mama muuza chai. Akatuonyesha kwa mkono: nyumba ya mabati kando ya njia, mwembe mbele. Chini ya mwembe alikaa mzee mwembamba, kofia ya sufi kichwani, redio ndogo sikioni. Aliizima alipotuona.

"Hodi, mzee wetu."

"Karibuni. Karibu mama." Alimkazia macho Kukhu kwa muda mrefu. Midomo ikaanza kumcheza. "Tangi la kulia," alisema.

Kukhu alishindwa kusimama. Nilimkalisha kwenye kigoda.

Mzee hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alisema injini ilivuka daraja la Mto Malaba bila taa, ikaja kinyumenyume, mabehewa yakiwa yamefungwa upande wa pua yake kama ng'ombe wanaofuata. Yeye alikuwa ameshaipanga njia ya pembeni, giza totoro, kwa makubaliano ya siku mbili kabla. Alipanda akafungua tangi la kulia, akamtoa mwanamke mjamzito anayetetemeka, pete ikiwa imeng'ata kiganja. Dakika ishirini tu zilikuwapo. Injini ikageuza wenzo, ikarudi Uganda, kwa sababu kama isingerudi, wenzake babu waliobaki Tororo wangelipa. Babu aliirudisha. Yeye mwenyewe alivuka kwa miguu usiku wa tatu, siku aliyozaliwa mama yangu kule Burumba.

Hayo Kukhu aliyajua. Alitoa karatasi, akampa.

Mzee aliisogeza machoni, akaisogeza mbali, akaikunja vizuri akairudisha. Alikaa kimya kiasi cha kuku kupita mbele yetu mara mbili.

"Tangi la kushoto nililifungua pia," alisema hatimaye. "Mume wako alinionyesha ishara wakati wewe umeshapelekwa ndani. Nilipanda nikamulika. Maji yalikuwa bado mengi."

Kukhu alishika mkono wangu. "Alikufa?"

"Nilidhani nitamkuta amekufa. Hakuwamo."

"Hakuwamo?"

"Hapakuwa na mtu, mama. Maji matupu. Ila kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya kitambaa, na fundo lilikuwa kwa nje. Mtu hawezi kujifungia fundo la nje akiwa ndani. Ina maana alitoka mwenyewe, treni ikiwa inakwenda, akafunga kifuniko nyuma yake ili maji yasirushwe yakatusaliti, akaruka kabla ya daraja. Akabaki ng'ambo. Kwa hiari yake."

"Kwa nini mtu afike karibu hivyo na wokovu halafu aruke?" nilisema.

"Hilo ulimwulize yeye."

Niliona uso wa Kukhu ukibadilika. "Yuko hai?"

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anayegundua kwamba amekuwa akimnyima mwenzake maji bila kujua kwamba ana kiu.

"Mama, nilidhani unajua. Miaka yote nilidhani mmesameheana. Huvuka hapa kwa baiskeli kila Jumamosi, asubuhi kama hii, akitoka upande wa Tororo. Ananisalimu, anakunywa chai, kisha anashika barabara ya Busia. Jioni anarudi. Nilimwuliza mara moja, huko unaenda kwa nani? Akasema: 'Naenda Burumba. Nasimama mbele ya nyumba moja, nahakikisha taa imewashwa, basi.'"

Kukhu alifungua mdomo, hakuna neno lililotoka. Nikakumbuka utotoni, Jumamosi jioni, akiniambia: nenda kawashe taa ya barazani. Nilimwuliza kila mara kwa nini Jumamosi lazima iwashwe mapema, naye kila mara alisema babu yako ndiye aliyeagiza hivyo.

Babu alijua.

"Mzee," nilisema, koo limenikauka, "leo si Jumamosi?"

Kabla hajajibu, dizeli ilizimwa kule stesheni, na kimya kikatua juu ya reli. Kwenye kimya kile, kutoka upande wa forodha, tulisikia mnyororo wa baiskeli ukikwaruza, ukikaribia taratibu. Mlio ukasimama nyuma yetu, hatua chache tu.

Kukhu hakugeuka. Aliyafumba macho kama aliyeko ndani ya giza, na mkono wake wenye pete ukapanda polepole ukatua tumboni.

Kisha kengele ya baiskeli ikalia. Viwili vya haraka. Kimya. Kimoja cha taratibu.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO